Ngoma za uganga zimeingia katika simu zetu: je, zinaponya?



Mwezi huu tunawaomba wazazi na watoto waketi pamoja wazungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunatembea nalo mfukoni bila kulifikiri. Nalo ni nyimbo na ngoma za uganga wa jadi. Zamani zilisikika usiku, mahali maalumu na kwa watu maalumu. Siku hizi zinasikika popote penye simu ya mkononi.

Tuchukue mfano. Ni usiku katika kijiji kimoja kati ya Kasulu na Kibondo. Mtoto wa miaka 3 ameshinda na homa kutwa nzima. Ghafla anakakamaa, macho yanageuka, povu linamtoka kinywani. Bibi yake anasema: "Hii si homa ya hospitali, wanangu. Hii ni ya wakubwa. Zamani angepigiwa manyanga." Mjomba anasema hakuna haja ya kuhangaika kumtafuta mtu usiku huu. Katika simu yake anayo video ya mganga anayepiga ngoma na kuimba, na chini ya video hiyo imeandikwa namba ya simu. Mama amekwisha kujifunga kanga na anataka kumbeba mtoto aende zahanati. Baba amesimama katikati, hajui amsikilize nani. Na muda unakwenda.

Mfano huu ni wetu sote. Katika nyumba hiyo hakuna mtu mbaya. Kila mmoja anampenda mtoto na kila mmoja anataka apone. Kinachokosekana ni ujuzi wa mambo matatu: ngoma ile ina nini, haina nini, na mtoto huyu apelekwe wapi kwanza. Haya ndiyo tutakayoyaangalia.

NGOMA NI ZAIDI YA CHOMBO

Katika lugha nyingi za Kibantu neno "ngoma" halitaji chombo tu. Ngoma ni chombo, ni wimbo, ni mchezo, na mahali pengi ni tiba. Mtaalamu Mmarekani John Janzen, aliyefanya uchunguzi katika miji mbalimbali ukiwemo Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1992 kitabu kizima kuhusu tiba ya namna hii tangu Kongo mpaka Afrika ya Kusini. Huko kusini, kwa Wazulu, mganga huitwa "isangoma", na neno ngoma linasikika ndani ya jina hilo.

Kwetu Buha, sawa na jirani zetu wa Burundi na Rwanda, mila kubwa ya aina hii ni kubandwa, maana yake ni karibu na kushikwa au kukaliwa na roho. Roho mkuu katika mila hiyo huitwa Kiranga huku kwetu na Burundi. Rwanda humwita Ryangombe. Masimulizi yanasema alikuwa mwindaji hodari aliyeuawa na nyati, akafia chini ya mti wenye maua mekundu kama moto, na tangu hapo mti huo ukaheshimiwa na wafuasi wake. Upande wa mashariki, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, wako baswezi, ambao mila yao ni ya ukoo mmoja na hiyo. Pwani na visiwani kuna ngoma za pepo za aina nyingi. Kwa hiyo tusidhani kwamba jambo hili ni la Waha peke yao au kwamba ni la washamba. Ni jambo pana na la siku nyingi.

Watu waliingia katika kubandwa kwa sababu zipi? Mara nyingi kwa sababu ya maumivu: mama asiyepata mtoto, watoto wanaokufa mmoja baada ya mwingine, ugonjwa usiokwisha, au balaa lililoiandama nyumba. Ndugu na majirani walikusanyika usiku. Pombe ililetwa, manyanga yakatikiswa, nyimbo zikaanzishwa na kuitikiwa mpaka alfajiri. Yule aliyeingizwa alipata ndugu wapya, na kuanzia hapo alihesabiwa mmoja wao.

Mila hii ilipata misukosuko mingi. Wamisionari waliipinga. Kisha, kuanzia mwaka 1972, Operesheni Kigoma iliwahamisha watu kutoka katika nyumba zilizotawanyika vilimani kwenda katika vijiji vya ujamaa. Familia ziliacha nyuma makaburi, migomba na vijumba vidogo walivyowajengea wazee wao waliofariki. Hata hivyo nyimbo hazihamishwi kwa lori. Zilibaki vichwani mwa watu.

ZILISAIDIA NINI?

Ukurasa huu ni wa afya, kwa hiyo tujibu kwa haki. Usiku ule wa ngoma ulikuwa na mambo yaliyomsaidia mgonjwa kweli. Kwanza, hakuachwa peke yake. Watu waliacha usingizi wao kwa ajili yake. Pili, ugomvi wa nyumbani mara nyingi ulitajwa mbele ya wote na watu wakapatanishwa. Tatu, mtu mwenye huzuni iliyomfunga alipata nafasi ya kulia, kupiga kelele na kusema yaliyomkaba. Nne, kuimba kwenyewe kunatuliza.

Hili la nne si hadithi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, iliyokwisha mwaka 1945, hospitali za Marekani zilizowatunza askari waliojeruhiwa zilianza kutumia muziki kwa utaratibu maalumu, na leo tiba kwa muziki ni kazi yenye vyuo na wataalamu wake. Muziki hupunguza wasiwasi na husaidia kuvumilia maumivu. Wagonjwa wengine waliopooza na kupoteza usemi hushindwa kutamka neno lakini huweza kuliimba, na kwa njia hiyo hurudishiwa maneno kidogo kidogo. Sisi wasomaji wa Biblia tusishangae. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16, tunasoma jinsi kijana Daudi alivyompigia mfalme Sauli kinubi, naye mfalme akapata nafuu.

Lakini kuna mambo ambayo ngoma haiwezi. Haiui vimelea vya malaria. Haiongezi damu kwa mtoto aliyeishiwa. Haigeuzi mtoto aliyekaa vibaya tumboni mwa mama. Na usiku ule ulikuwa na hatari zake: mgonjwa dhaifu alikeshwa bila kupumzika, alinyweshwa dawa isiyojulikana kipimo chake, na mahali pengine alichanjwa chale kwa wembe uliopita kwa watu wengi. Leo tunajua kwamba wembe wa namna hiyo hupitisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

SAUTI ZILIVYOFIKA KATIKA SIMU

Kunasa sauti za ngoma zetu hakukuanza jana. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa nchi yetu akiwa na mashine ya kunasia sauti juu ya nta. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alipita Tanganyika akirekodi nyimbo za makabila mengi. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo hadi leo iko Afrika ya Kusini. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lilihifadhi sauti nyingi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi. Sehemu ya akiba hizo sasa imewekwa katika mtandao wa intaneti. Mjukuu aliyeko mjini anaweza kusikia ngoma iliyopigwa kabla baba yake hajazaliwa.

Nyumbani kwetu kulikuwa na redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi ngoma za mikoa yote. Baadaye zilikuja kaseti, halafu simu za mkononi na memori kadi. Kijana alikwenda kibandani sokoni, akatoa fedha kidogo, akaingiziwa nyimbo nyingi kwa mara moja: kwaya, bongofleva, ngoma ya harusi na ngoma ya mganga, zote katika kadi moja ndogo kuliko ukucha. Mwaka 2009 waya mkubwa wa mawasiliano unaopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na miaka iliyofuata intaneti ikapanda mpaka kwetu milimani. Sasa mwenye bando anatazama video za YouTube na kuzituma kwa WhatsApp kwa ndugu walioko Dar es Salaam.

Tukitazama vizuri, vinavyopita katika simu chini ya jina la "ngoma za asili" si vya aina moja. Kuna sauti za akiba zilizorekodiwa na wataalamu. Kuna vikundi vya ngoma vinavyocheza katika sherehe, navyo vinatafuta riziki halali na kutunza utamaduni. Tena kuna matangazo ya waganga, ambamo ngoma imewekwa ili kuvuta sikio, na wimbo ukipoa linafuata tangazo: ninatibu ukimwi, kisukari, kifafa, utasa, ninarudisha mume, ninaleta mali, piga namba hii, tuma fedha kwanza. Mzazi anapaswa kuzitofautisha aina hizi. Kusikiliza wimbo wa mababu si sawa na kumkabidhi mtoto wako kwa mtu usiyemjua.

WATU HAWAMO NDANI YA SIMU

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Tumesema kwamba kilichosaidia usiku ule wa zamani kilikuwa watu: majirani waliokesha, ndugu waliopatana, mkono uliomshika mgonjwa. Simu imechukua sauti ya ngoma na kuwaacha watu nyuma. Mgonjwa anasikiliza peke yake chini ya blanketi, na mahali pa majirani pamewekwa namba ya kutuma fedha. Mganga wa kijiji wa zamani alikujua, alimjua babako, na alipokosea ulijua nyumba yake. Huyu wa kwenye simu hakujui, hajakupima, hajamgusa mtoto wako. Akishapokea fedha anaweza kuizima laini yake, na hutamwona tena.

Kwa hiyo video ya uganga imebakiza hatari karibu zote za zamani, na ule msaada halisi wa zamani umepotea. Wazazi, jambo hili tulifikirie sana.

Nguvu ya habari zinazokimbia kwa simu tuliiona mwaka 2011. Kikombe cha dawa ya mti kilipoanza kutolewa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, Loliondo, na Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, habari zilisambaa kwa kasi ya ajabu. Maelfu ya watu walisafiri kutoka pande zote za nchi na nje. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, wagonjwa mahututi walifia njiani, na wengine wakaacha dawa zao za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Hakuna aliyewalazimisha. Walisikia habari kutoka kwa mtu aliyesikia kutoka kwa mtu.

Na hapa Kasulu tunalo jambo la kutuhuzunisha zaidi. Wazee wetu wa Kabanga waliona watoto na watu wazima wenye ualbino wakiletwa kutafuta usalama katika kituo cha pale, baada ya mauaji yaliyoanza kusikika kwa wingi kuanzia mwaka 2007. Chanzo cha mauaji hayo kilikuwa uongo wa wapiga ramli kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Anayekuambia kwa simu kwamba jirani yako ndiye anayemloga mtoto wako anafanya kazi ile ile ya ramli. Video moja yaweza kuwasha moto kati ya nyumba mbili ambao hautazimika kwa miaka.

MAGONJWA MATATU YANAYOSINGIZIWA MIZIMU

1. Degedege. Mtoto mwenye homa kali anaweza kukakamaa na kutetemeka. Mara nyingi hutokea kati ya miezi 6 na miaka 5. Kwetu sababu ya kwanza ya kuihofia ni malaria kali. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 uliukuta mkoa wa Kigoma ukiongoza kwa malaria Tanzania Bara: karibu robo ya watoto wa chini ya miaka 5 waliopimwa walikuwa na vimelea. Degedege yaweza pia kutokana na homa ya uti wa mgongo, kichomi au upungufu wa sukari mwilini. Yote haya huua haraka, na mengi hutibika yakiwahiwa.

Mtoto akishikwa na degedege, fanya hivi. Mlaze kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke. Legeza nguo. Ondoa karibu yake moto, mawe na vyombo. Usimtie kijiko, kidole, maji wala dawa kinywani. Usimbane kwa nguvu. Usimfukize moshi, wala usimpake mafuta ya taa au mkojo. Usingoje asubuhi, hata kama kutetemeka kumekoma. Mpeleke zahanati au kituo cha afya mara moja. Huko atapimwa damu. Ikiwa ni malaria kali ataanzishiwa dawa na kupelekwa hospitali kwa sindano. Mtoto akiwa mahututi, kila saa ina thamani. Ngoma ya usiku mmoja ni saa 8 au 10.

2. Kifafa. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Waweza kuanza baada ya mtoto kuumia wakati wa kuzaliwa, baada ya malaria kali, baada ya kuumia kichwa, au kwa sababu ya mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia tumboni kwa chakula au mikono michafu. Hauambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Dokta Louise Jilek-Aall, aliyefika Mahenge mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuta wagonjwa wa kifafa wametengwa na wengine wameungua vibaya, kwa kuwa walipoanguka motoni watu waliogopa kuwashika. Alianzisha kliniki na kuwapa dawa za kila siku, na wengi wakapata nafuu kubwa. Somo la Mahenge ni letu pia. Dawa za kifafa zipo. Zinywe kila siku bila kuruka, wala zisiachwe kwa sababu mtu kwenye video amesema dawa yake inatosha.

3. Magonjwa ya akili na huzuni kubwa. Mama aliyejifungua akakosa usingizi, akalia kila mara au akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, anahitaji hospitali haraka, yeye na mtoto wake. Vivyo hivyo kijana anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Tuwakumbuke pia wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu kutoka Kongo, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya waliotoka Burundi. Mtu aliyeona nyumba yake ikichomwa hupiga kelele usiku. Hajakaliwa na roho. Moyo wake umejeruhiwa. Anahitaji mtu wa kumsikiliza na mganga wa hospitali, na pengine vidonge kwa muda.

KANISA LINASEMAJE?

Wengine husema Kanisa linachukia ngoma. Si kweli. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, ulifundisha kwamba muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Mwaka huo huo padre Mtanzania, Stephen Mbunga, alitoa kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika alikusanya ngoma na vifaa vya Wasukuma mpaka pakawa na makumbusho yanayotembelewa hadi leo. Ngoma na kayamba tunazozipiga katika Misa Takatifu ni matunda ya njia hiyo.

Kanisa linakataa nini basi? Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2116 na 2117, inakataza kupiga ramli, kuwaita wafu au mashetani ili kujua mambo yaliyofichika, na uchawi wa kutaka kuwatawala wengine. Tena inasema wazi kwamba kuziita tiba za jadi hakuhalalishi kuita nguvu za uovu, wala kuwanyonya watu kwa sababu wanaamini upesi. Angalia maneno hayo ya mwisho: kuwanyonya watu ni dhambi dhidi ya mgonjwa. Mitishamba yenyewe haijakatazwa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga asajiliwe na Baraza lake; ukimwendea mganga wa mitishamba, una haki ya kumwuliza cheti chake, na mweleze daktari wako dawa unazotumia.

Tuwe wakweli na kwa upande wetu pia. Siku hizi zipo video nyingi za maombi ya uponyaji kwa jina la Yesu, zenye vinanda, vilio na watu wanaoanguka, na chini yake pana namba ya kutuma sadaka. Kubadilisha wimbo hakubadilishi udanganyifu. Mwaka 2000 Kanisa lilitoa maelekezo juu ya sala za kuomba uponyaji: ziepuke vurugu, maigizo na kutafuta kustaajabiwa, na kuzitangaza kwa vyombo vya habari kuwe chini ya uangalizi wa Askofu. Hata juu ya kupunga pepo, Katekisimu namba 1673 inaagiza kwanza kuhakikisha kwamba jambo lenyewe si ugonjwa, hasa wa akili, kwa kuwa ugonjwa ni kazi ya tabibu. Naye Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha tusali, tumheshimu tabibu, na tusizidharau dawa ambazo Mungu ameziotesha katika ardhi.

TURUDISHE WATU KWA MGONJWA

Ikiwa watu ndio walioipa ngoma ya zamani nguvu yake, basi Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tusiwaachie wengine kazi hiyo. Mwenye simu anatafuta mganga wa mbali kwa sababu nyumbani kwake hapana aliyekuja. Mara ngapi mgonjwa wa kifafa au mama mwenye huzuni katika mtaa wetu amekaa mwezi mzima bila kutembelewa na wanajumuiya?

Twende na nyimbo zetu. Watu watano wakiimba kwa sauti ya chini kando ya kitanda, kwa Kiswahili au kwa Kiha, humtuliza mgonjwa kuliko spika ya simu. Tusikeshe tukimchosha, nusu saa inatosha. Tuulize kama amekunywa dawa na kama amekula. Tuchange nauli ya kwenda hospitali ya Kabanga, Kasulu au Kibondo. Aliye mgonjwa sana, katekista amwite padre kwa Mpako wa Wagonjwa, lakini mwenye gari au pikipiki asiwekwe kungoja. Sakramenti na sindano havigombani.

Na wazee wetu wanaozijua nyimbo za zamani tuwaulize maana yake. Watoto wajue zilitoka wapi na ziliombolezwa kwa uchungu gani. Mtoto aliyeelezwa na bibi yake hatadanganywa upesi na tangazo. Bibi katika mfano wetu alikuwa na jambo jema la kutoa: kumwimbia mjukuu na kumshika mkono njiani kwenda zahanati.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Homa na degedege: zahanati kwanza, usiku huo huo.
- Usiache dawa za kifafa, UKIMWI, kisukari au shinikizo la damu kwa sababu ya video au ujumbe wa simu.
- Usitume fedha kwa mganga au mwombaji usiyemjua.
- Anayemtaja jirani kuwa mchawi usimsikilize, wala usiwatumie wengine video yake.
- Wembe na sindano visishirikiwe kamwe.
- Wimbo wa mababu waweza kusikilizwa kama urithi. Usitumike badala ya matibabu.

MASWALI KWA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu ni nani mgonjwa ambaye hajatembelewa mwezi huu? Tutakwenda lini?
2. Mtoto akishikwa degedege usiku wa manane, nani ana chombo cha usafiri, na namba yake ya simu tunayo?
3. Watoto wetu wanatazama nini katika simu, na nani anazungumza nao juu ya wanayoyaona?

Swali la pili lijibiwe kabla ya kufunga sala. Jina la mwenye pikipiki na namba yake viandikwe nyuma ya mlango wa kila nyumba, ili siku mtoto atakaposhikwa usiku, baba asisimame tena katikati akiwa hajui la kufanya.